Ada ya Kuangaliwa

Watu wa kisiwa cha Juani husimulia kwamba Kidawa binti Kombo alipozaliwa, mkunga alimpiga kikofi cha mgongo ili alie, na mtoto yule badala ya kulia akageuza shingo akamtazama mkunga, kama anayemuuliza katumwa na nani. Anayetaka kuamini na aamini. Lakini hakuna anayebisha kwamba hata alipokua alibaki vilevile. Akipewa maji, huyanusa kwanza. Akiambiwa kesho Idi, hutoka nje kuutafuta mwezi kwa macho yake. Akiuziwa samaki na ndugu yake wa tumbo moja, humfunua mashavu samaki, na pengine na ndugu pia.

Mumewe, Mudrik, alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo aliamini kila alichoambiwa na kila aliyemwambia, na angemkuta mwizi sebuleni angemuuliza kama chai yake anaipenda ya tangawizi au ya mdalasini. Mungu huwaoza watu kwa kupima.

Basi mwanamke huyo aliyekitilia shaka hata kivuli chake ndiye aliyekamatwa.

Kosa lilikuwa lake kweli, hakusingiziwa. Miaka hiyo hifadhi ya bahari ilikwisha kuzoeleka, na wanawake wa kisiwani walikuwa wameshika kilimo cha mwani. Mwani hufungwa kwenye kamba, kamba hufungwa kwenye vijiti, na vijiti haviuzwi dukani. Kidawa aliingia na panga mikokoni, ambako hifadhi ilikataza kukata, akakata mzigo mmoja, akatoka nao kichwani, akakutana uso kwa uso na askari wa doria. Mbele ya hakimu kule Kilindoni hakukana. Hakimu akasema jela ya wanawake iko ng'ambo ya bahari, na haoni faida ya kumvusha mtu kwa ajili ya vijiti. Akampa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Mudrik alifurahi nusura ambusu hakimu mkono. Kidawa yeye aliuliza kifungo cha nje ni kitu gani, na ufunguo wake anakaa nao nani.

Ufunguo alikuwa nao mtu wa kampuni. Kampuni yenyewe ilitoka bara, ikijiita Mwangaza Uangalizi, na ndiyo iliyopewa kazi ya kuwaangalia watu wa vifungo vya nje kisiwani Mafia kote. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la Hasanali pale Kilindoni, na nje kulikuwa na kibao kilichochorwa jicho. Fundi aliyelichora alizoea kuchora macho ya vyombo vya baharini, kwa hiyo jicho lile lilitazama pembeni kama linaloogopa mwamba. Watu hawakuhangaika na jina la bara. Waliiita Kampuni ya Jicho.

Kila Alhamisi asubuhi Kidawa alitakiwa apande ngazi zile, aonekane, na alipe ada. Aliuliza ada ya nini. Akajibiwa na ofisa, bwana mmoja mfupi aitwaye Furaha, mwenye taulo dogo begani na tabasamu lililokuwa wazi kutwa kama duka la sokoni, kwamba ni ada ya uangalizi.

"Yaani nikulipe uniangalie," alisema Kidawa.

"Ndiyo, mama."

"Na nisipokulipa, utafumba macho?"

Bwana Furaha alicheka sana kwa hilo, akamwambia asipolipa atarudishwa kwa hakimu, na hakimu hatakuwa na njia nyingine ila ile ya ng'ambo ya bahari.

Basi akaanza kulipa. Mwani aliokuwa akiuanika wiki nzima ukawa unaishia ghorofani. Tena Alhamisi haijui habari ya maji. Kuna asubuhi maji hutoka mbali hata mashua ikakaa juu ya mchanga kama kuku anayeatamia, na abiria wa Juani hawezi kufika pwani ya Utende mpaka bahari itakapotaka. Akifika Utende bado kuna bodaboda ya kwenda Kilindoni. Akichelewa, kuna ada ya kuchelewa. Akishindwa kuimaliza, ile iliyobaki nayo huzaa. Kidawa aliuza mbuzi, akauza bati mbili alizokuwa akiziweka kwa ajili ya jiko, akauza herini za mamake. Mwezi wa tano ukamkuta hana cha kuuza isipokuwa Mudrik, ambaye hakuna mtu wa kumnunua kwa sababu watu wote walishazoea kumpata bure.

Siku alipoambiwa kwamba akikosa mara mbili zaidi jalada lake linarudi kwa hakimu, alishuka ngazi akakaa kwenye benchi la nje ya duka. Sukaina, mke wa Hasanali, alikuwa ndani anapima sukari. Alitoka akasimama karibu naye, akajifanya anapanga ndoo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu ambacho wale wa juu hawakisemi. Mtu asiyekuwa na uwezo husamehewa ada. Ndivyo hakimu alivyoagiza tangu mwanzo. Aombe tu, nao watakuja kumkagua nyumbani. Wakikuta kweli hana, basi.

Mtu mwingine angeshukuru. Kidawa alimtazama Sukaina kuanzia kilemba cha mtandio hadi ndala. Mwanamke huyu ndiye mwenye nyumba, na wale ni wapangaji wake. Tangu lini mwenye nyumba akamfukuzia mpangaji wake riziki? Aliondoka pale akiwa na uhakika kwamba ni mtego. Alipofika stendi ya bodaboda akageuka. Mtego au si mtego, mtu anayezama hamuulizi mwenye kamba ukoo wake.

Bwana Furaha hakukataa. Alisema kwa upole kwamba ni haki yake, tena haraka, akataja Jumamosi ya wiki inayofuata, adhuhuri. Kidawa akajiuliza njia nzima: mtu anayetaka kuona umaskini wa watu, mbona anaupa taarifa mapema ujitayarishe?

Nyumbani alizungumza na Mudrik pamoja na mama mkwe wake, Bimkubwa, kikongwe aliyekuwa na meno manne na amri za watu arubaini. Aliwaeleza taratibu kama anayefundisha watoto. Anakuja mtu kutazama kama sisi ni maskini. Sisi ni maskini. Kwa hiyo hakuna la kufanya. Tundu la paa liachwe. Mkeka uliotoboka uachwe. Anywe maji, aone, aondoke.

Bimkubwa alisikiliza akitafuna tambuu. Akauliza, "Mgeni?"

"Si mgeni, mama. Ni mkaguzi."

"Anatoka wapi?"

"Kilindoni. Asili yake bara."

"Basi mgeni," alisema Bimkubwa, akaendelea kutafuna. Kidawa alipaswa kushuku hapo. Ajabu ya mtu mwenye shaka ni kwamba humshuku kila mtu isipokuwa wa ndani mwake.

Jumamosi ile ilikuwa bamvua, maji yanatoka mapema, naye mwani wake ulikuwa umekatika kamba. Alikwenda shambani baharini alfajiri akijua atarudi kabla ya adhuhuri. Aliporudi, miguu myeupe kwa chumvi na kanga imelowa hadi kiunoni, aliifikia nyumba yake akaipita. Kweli kabisa. Aliona mlango una pazia la maua, akadhani kapotea njia, akaenda hatua kadhaa mbele ndipo akaisikia sauti ya mumewe ikicheka nyuma yake.

Ndani mlikuwa mmefukizwa udi. Juu ya mkeka mpya vilikaa viti viwili vya sponji vyekundu, vya jirani yao Iddi, aliyevileta kutoka Dar mwaka aliooa. Kimoja kilikuwa na alama ya sigara mkononi. Ukutani imeegemezwa baiskeli ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwenye sinia la jirani mwingine, Biubwa, lenye picha ya tausi, kulikuwa na pilau ya kuku iliyorundikwa hata tausi akabaki mkia tu. Chupa ya chai, redio, saa ya ukutani isiyotembea, vyote vilikuwa vya watu. Kijiji kizima kilikuwa kimeleta chake bila kuombwa mara mbili, kwa sababu aibu ya nyumba moja mbele ya mgeni ni aibu ya mtaa. Na katikati ya neema hiyo, kwenye kiti chenye alama ya sigara, alikaa Bwana Furaha anakula. Mdomo ulikuwa kwenye pilau. Macho yalikuwa yanatembea ukutani.

"Mashallah," alisema Bwana Furaha, "viti vizuri. Vyenu hivi?"

Hapo ndipo penye jambo. Mgeni hajawahi kuambiwa kwamba kiti alichokalia ni cha kuazima. Hata angekuwa mgeni wa shari, huwezi. Mudrik akafanya kama babake alivyomfundisha. Akaweka mkono kifuani akasema, "Vyako, bwana. Kila unachokiona humu ni chako."

Kidawa alisimama mlangoni anachuruzika maji. Alisema vitu hivi ni vya watu. Bimkubwa akakohoa kikohozi ambacho kingeamsha waliolala makaburini kwenye magofu ya Kua. Kidawa akarudia. Bwana Furaha alimtazama kwa huruma, akajifuta midomo na lile taulo.

"Wote husema hivyo, mama," alisema. Akaomba aongezewe ukoko.

Majibu yalitoka Alhamisi. Ombi limekataliwa; nyumba ina uwezo mzuri, samani za kisasa, chombo cha usafiri. Na kwa kuwa uwezo upo, kampuni itakuja na tarishi wa mahakama kuvichukua vitu vile vilivyoonekana, viuzwe kufidia ada zilizolala. Visipokuwapo, itahesabiwa kwamba Kidawa ameficha mali ili kuikwepa mahakama, na hapo atavuka bahari, hakuna tena kifungo cha nje.

Alikaa kwenye benchi lile lile. Mara hii hakukaa peke yake. Kulikuwa na mwanamke wa kijiji cha Kanga aitwaye Mwanaharusi, naye mtu wa kifungo cha nje. Kidawa hakumuuliza kosa lake. Alimuuliza walimpikia nini. Mwanaharusi akasema, wali wa nazi na changu wa kupaka, na viti walivipata kwa shemeji. Vikachukuliwa vyote, na shemeji hakusema neno, Mungu amjaalie. Mwanamume aliyekaa upande wa pili akasema wao walichinja bata. Mwingine akasema biriani. Ukienda hivyo benchi zima, ungedhani ni watu waliotoka harusini, na kila mmoja wao alikuwa amekataliwa.

Ndipo Kidawa akaelewa kwa nini taarifa inatolewa mapema, na kwa nini ukaguzi ni saa ya chakula. Yule bwana hakukosea hata siku moja. Aliwajua watu wa Mafia kuliko walivyojijua wenyewe, akatega pale pale penye heshima yao.

Aliingia dukani akamkabili Sukaina waziwazi. Kwa nini alimwambia habari ya msamaha? Alitaka nini? Sukaina aliacha kupima.

"Dada, hao wanaopanda hizo ngazi zamani walikuwa wateja wangu," alisema. "Pesa ikishapanda juu, haishuki tena dukani kwangu."

Kidawa alipumua. Sababu ya choyo aliiamini palepale. Ingekuwa huruma, angeondoka na shaka yake. Akamuuliza huyo tarishi ni mtu gani. Sukaina akasema ni mzee Ussi, mtu wa mahakama, si wa kampuni. Ni mkimya, kazi yake ni kushuhudia na kwenda kumwambia hakimu alichokiona. Kama wamekwisha kumnunua ama bado, hilo hajui.

Kurudi Juani, alimwendea Iddi kwanza. Akamwomba, siku hiyo wakija, aseme tu kwamba viti ni vyake. Iddi alishtuka kama aliyeombwa avue nguo msikitini. "Nimseme Mudrik mbele ya wageni? Bora vichukuliwe, shemeji." Mwalimu wa chuo akamwambia hivyohivyo habari ya baiskeli yake. Biubwa akalia kidogo, akasema sinia ni la harusi yake lakini ulimi wake hautalitamka hilo. Kidawa akarudi nyumbani amekwama. Vitu vikiwepo, majirani wataporwa. Visipokuwepo, yeye atafungwa. Wenyewe kusema hawawezi, na yeye akisema haaminiki.

Siku zilizofuata alikuwa kimya, na Mudrik akaogopa, maana mkewe akiwa kimya ni kama bahari ikiwa kimya. Kisha akaanza kutembea. Kisimani alimwambia Biubwa kwamba wageni wale wanauliza mbona hawakukaribishwa kwake. Kwa mke wa Iddi akasema maneno hayohayo, akaongeza kwamba yule mzee wa mahakama ni mtu wa kusali, si vizuri apite mtaani asionje mkono wake. Kwa mwalimu wa chuo hakuhitaji hata kumaliza sentensi. Hakumwambia yeyote nia yake, wala mumewe. Siri aliyoijua mtu mmoja ndiyo pekee aliyoiheshimu.

Siku yenyewe aliitazama bahari mapema. Wageni waliingia na maji ya asubuhi, na mara waliposhuka, maji yakaanza kutoka. Mashua ingekaa mchangani mpaka alasiri. Bwana Furaha alikuwa anatabasamu. Nyuma yake alikuja mzee Ussi, mrefu, mkavu, kofia ya kiua na mwavuli, uso hauna habari kama mlango uliofungwa. Kidawa alimwamkia shikamoo. Akajibu marahaba, basi. Kidawa akaona moyoni: huyu kanunuliwa.

Vitu vyote vilikuwapo, viti vyekundu, sinia, chupa ya chai na baiskeli. Mzee Ussi alikaa kwenye kiti chenye alama ya sigara, akanywa chai, akatazama kimoja kimoja. Bwana Furaha akasema vibebwe. Bimkubwa akasema vitabebwa, havina miguu ya kukimbia, lakini mashua iko juu ya mchanga na kwa Iddi wanangojwa; Iddi amechinja.

Neno hilo lilimshinda Bwana Furaha. Bimkubwa akawatangulia kwa njia ya mbele, ile ndefu, akawapitisha kwenye magofu ya Kua, akawasimulia kila ukuta na mwenye ukuta, na mahali mfalme fulani alipomwaga asali badala ya maji kuchanganyia chokaa. Kikongwe hakuwa na njama yoyote. Alikuwa mwenyeji tu.

Nyuma ya migomba, Iddi alikuwa amekwisha kuja mbio kwa Mudrik. Ana wageni, hana pa kuwakalisha. Mudrik akashangaa ni vipi hakulifikiria hilo, akapandisha kiti kimoja kichwani, Iddi akapandisha cha pili, wakakimbia kwa njia ya nyuma. Kuna wanaoapa kwamba Mudrik aliruka uzio wa mwalimu akiwa na kiti kichwani, kuku wa mwalimu amelala juu ya kiti, na kuku hakuamka.

Kwa Iddi wageni walikuta viti vyekundu viwili, sinia la tausi, chupa ya chai. Bwana Furaha alikaa, akala vijiko viwili, akaacha. Kidawa alikuwa amesimama pembeni na birika la kunawisha, anamtazama yeye peke yake. Aliliona tabasamu likipungua kwa upande mmoja. Ameona. Aligeuza macho kwa mzee Ussi. Mzee alikuwa anachambua nyama kwenye mfupa.

Baada ya chakula Bwana Furaha alisema sasa inatosha, wakangoje mashuani. Bimkubwa akamshika mkono. "Utanikatalia mimi, mwanangu? Mwalimu mzima amekaa mlangoni anakungoja." Na mtu aliyekula heshima ya watu visiwa vyote vya Mafia hakuwa na mlango wa kuikimbia. Wakaenda kwa mwalimu. Viti vikawa vimefika, vina majani ya mgomba. Baiskeli imeegemezwa ukutani. Bwana Furaha hakukaa. Alisema mgongo unamsumbua. Mzee Ussi akakaa, akanywa, akashukuru, akainuka. Hakusema kitu. Kidawa akapiga hesabu. Kama mzee huyu hana macho, au ana macho ya kununuliwa, basi amewapikia watu mchana kutwa ili aende jela ameshiba.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Biubwa. Mudrik alitokea mlango wa nyuma anahema, jasho linamdondoka kwenye kidevu, akasalimia kama mtu aliyekuwa pale tangu asubuhi. Mzee Ussi alikaribishwa akae. Hakukaa. Alikizunguka kiti, akainama, akapitisha kidole kwenye ile alama ya sigara.

"Bi Biubwa," alisema, "kiti hiki leo nimekikalia mara tatu. Kimeshanizoea kuliko mke wangu."

Biubwa akafunika uso kwa ushungi. Bwana Furaha akasema viti vinafanana, kiwanda kimoja hutoa viti elfu.

"Na kiwanda huunguza kila kimoja hapa?" aliuliza mzee. Hakungoja jibu. Alikaa, akala kidogo ili Biubwa asione vibaya, akanawa. Akawa anatazama viganja vyake. Halafu akasema taratibu, bila kumwelekea mtu, kwamba kule Kanga aliwahi kubeba viti vya buluu kwa mikono hii hii, na mtu mmoja alisimama mlangoni akavitazama vinavyokwenda, akamtakia safari njema. Mtu yule hakuwa mwenye nyumba. Siku ile hakujiuliza alikuwa nani.

Hakuna kilichobebwa siku hiyo. Hata hivyo Kidawa hakulala vizuri mpaka siku ya hakimu. Maneno ya mtu akiwa ameshiba ni mengine, na akiwa ofisini ni mengine.

Mahakamani mzee Ussi alisimama akasema alichokiona: viti viwili, nyumba nne. Hakuongeza chumvi. Hakimu akamuuliza Bwana Furaha kama alijua. Bwana Furaha akasema yeye huripoti anachokiona kwa macho, na macho yake yaliona nyumba ya watu wenye uwezo. Hakimu akamuuliza, kama anataka kuwaona watu walivyo, kwa nini huwapelekea taarifa siku nyingi kabla, tena afike saa ya chakula.

"Ni adabu, mheshimiwa," alisema Bwana Furaha.

 Hakimu akatamka: Kidawa asamehewe ada, ya mbele na ya nyuma, amalizie kifungo chake kwa kuripoti kwa mtendaji wa kijiji kulekule Juani, wala asitakiwe kuvuka maji. Na wale wengine wote waliokataliwa wakaguliwe upya na mzee Ussi, peke yake, bila taarifa. Kuhusu kampuni yenyewe alisema ataandika kwa wakubwa. Kidawa aliomba hukumu isomwe tena. Ikasomwa. Akaomba mara ya tatu, hakimu akamwambia mama nenda nyumbani.

Alitoka nje. Benchi la mbele ya duka la Hasanali lilikuwa limejaa. Habari zilifika kabla yake. Walimzunguka wakitaka wajue wafanye nini. Kidawa aliwaambia ni rahisi. Mzee atakuja siku yoyote. Asifanyiwe kitu. Msikimbie kwa jirani, msichinje, msitandike. Akute mlivyo, aone mlivyo, basi mmeokoka.

Walimtazama kama mtu anayewafundisha kula mchana wa Ramadhani.

"Hata kitu kidogo?" aliuliza Mwanaharusi wa Kanga.

"Mpe maji tu."

Mwanaharusi alifikiri. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezunguka ndani ya nyumba yake kwa mawazo, anafungua kabati, anainama chini ya kitanda.

"Maji sawa," alisema. "Lakini mzee wa watu nitampa kwa bilauri ya nani?"

Kidawa alitazama barabarani. Bodaboda wa Utende alikuwa anapiga honi, na maji yalishaanza kutoka. Akafunga kanga yake vizuri, akaenda kuiwahi mashua.